Uji wa Nzi

Jiwe la kwanza lilipogonga bati, Nekesa alikuwa bado anakoroga uji, na neno alilokuja kulisema lilikuwa bado limemkaa kooni.

Haukuwa uji wa watu. Ulikuwa unga wa mahindi, molasi iliyoletwa kwa madebe kutoka Bungoma, hamira, na unga fulani wa kuugandisha. Ukishaiva humiminwa chupani, nzi wadogo wa matunda wakala humo na kutaga mayai humo humo. Kwa kazi hiyo watu wa mtaa wake wa Kipsongo walimcheka mpaka wakachoka. "Nekesa, wageni wako wameshiba?" wangemwuliza akirudi jioni. Naye alikuwa na jibu: wageni wake hawapigani na hawatapiki mlangoni. Kabla ya kuajiriwa kwenye kituo kile cha utafiti nje ya mji wa Kitale alikuwa mpika busaa, pombe ya nafaka, na wateja wa busaa aliwajua vizuri sana.

Jiwe la pili lilipasua dirisha. Daktari Lenah Wahome aliinua jicho kwenye darubini na kumtazama mwanawe kwanza. Nyawira, binti wa miezi minne, alikuwa amelala kwenye beseni la kufulia lililotandikwa blanketi. Vipande vya kioo vilikuwa vimeangukia sakafuni, hatua moja kutoka kichwani pake.

"Wamefika, Mama Derrick," Lenah alisema.

Ilikuwa Januari ya mwaka 2008. Uchaguzi ulikuwa umeharibika, na moshi ulikuwa ukipanda kila upande wa Kitale. Watu wa kabila la Lenah, wenye majina kama Wahome, walikuwa wakifukuzwa makwao, nao walikuwa wamejaa uani kwa polisi na magodoro yao. Lenah naye alikuwa amelala huko na mtoto, mume akiwa Nairobi na barabara zimefungwa. Kulipokucha akambeba Nyawira mgongoni, akatoroka na kurudi kazini, kwa sababu nzi wasipohamishiwa kwenye chakula kipya hufa, na hawa walikuwa nzi wake wa miaka mitatu. Kwa sababu ya nzi! Nekesa alipomkuta pale alitamani kumzaba kofi.

Lakini angeanzaje kumgombeza mwingine? Asubuhi ile ile mwanawe wa pekee, Derrick, alikuwa amechuchumaa nje ya chumba chao Kipsongo akinoa panga kwenye jiwe la kufulia, akamwambia bila kuinua kichwa, "Mama, leo usiende kazi."

"Kwa nini?"

"Si nimekwambia tu? Usiende."

Nekesa akasema sawa, hataenda. Akangoja kijana aondoke, akajifunga leso kichwani na kupita njia ya mashambani. Alikuja kumwambia Lenah akimbie. Basi angesema tu, "Kimbia." Lakini Lenah angeuliza nani amemwambia, na kumtaja huyo ni kumtoa mwanawe kwa polisi. Akaona kwanza abandike sufuria, labda maneno yanayofaa yatamjia uji ukichemka. Ujinga mtupu. Uji ulichemka, maneno hayakuja, wakaja wao.

Lango liliporomoka kwa kishindo. Nekesa alinyanyua beseni pamoja na mtoto, akamsukuma Lenah kwa kiwiko hadi chumba cha ndani, akafunga mlango na kuteremsha komeo.

Kilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha, chenye balbu zilizowashwa mchana na usiku ili chupa za nzi zisipatwe na baridi ya Kitale. Rafu zilijaa kuta zote tatu. Chupa za rafu ya juu zilikuwa na alama nyekundu, na nzi wa humo ndio waliomrudisha Lenah.

Nekesa aliwajua kwa namna yake. Siku alipouliza wana nini cha ajabu, Lenah alimweleza kwa uvumilivu, akimruhusu aangalie kwenye darubini. Yai la nzi, alisema, saa zake za kwanza halina amri yake lenyewe. Linaishi kwa vile mama alivyolipakia kabla ya kulitaga. Ndani ya yai hupita ujumbe mwingi, unaitwa RNA, na si ujumbe wote unaotakiwa kusikika. Kwa hiyo mama hupakia humo protini za kunyamazisha, askari wadogo wa kukamata ujumbe usiofaa kabla haujafanyiwa kazi. Hawa wa alama nyekundu, majike yao yalikuwa na upungufu wa askari hao. Mayai yao yalitoka meupe na mazuri, huwezi kuyatofautisha na mengine. Kisha mtoto akaanza kujiunda humo ndani na mistari ya tumbo lake ikaungana pale isipotakiwa kuungana, akafa kabla hajatoka.

"Kwa hivyo ni makosa ya mama," Nekesa alisema siku ile.

"Si makosa. Ni upungufu tu. Hata yeye alizaliwa nao."

Nekesa akaenda kuosha chupa. Alikuwa amemkumbuka Derrick, na mimba yake, na mikono ya marehemu mumewe Kiptanui aliyemchapa karibu kila mwisho wa wiki mpaka mwezi wa nane. Tangu siku ile swali hilo lilikuwa likimfuata hadi kitandani. Alimpakia nini mtoto yule?

Sasa nje walikuwa wanavunja. Viti vilirushwa, chupa zikapasuka kwa mkupuo, mtu akapiga mluzi. Nyawira alifumbua macho. Alikunja uso, akavuta pumzi ya kwanza ya kulia, na Lenah akamshindilia titi mdomoni. Mtoto alivuta, akaachia, akavuta tena. Hofu ilikuwa imekausha maziwa. Akaanza kuguna kwa hasira, ile miguno ya mtoto inayojulikana itaishia wapi.

Lenah alimtazama Nekesa, kisha akatazama rafu ya chini. Palikuwa na chupa ya etha, dawa ya kulaza nzi ili wahesabiwe, na pembeni yake pamba.

Nekesa alitikisa kichwa.

"Mama Derrick," Lenah alinong'ona, machozi yakimtiririka. "Watatuua sote. Mimi mikono inatetemeka. Wewe unaweza."

Aliweza, ndiyo. Kila siku alikuwa akilaza nzi. Pamba inalowa kidogo, unaweka mdomoni mwa chupa, unatazama. Wakilegea unaondoa. Ukichelewa, mbawa zao husimama wima pande mbili, na nzi aliyesimamisha mbawa haamki tena. Ndivyo alivyojua kipimo, kwa kutazama mbawa. Mtoto hana mbawa.

Alilowesha pamba. Aliinusa mwenyewe kwanza, akaona imezidi, akaikamua kwa vidole. Aliishika mbali kidogo na pua ya Nyawira, akaomba Mungu kwa Kibukusu, lugha aliyofundishwa kuombea. Mtoto alipiga mateke. Akakohoa. Kisha vidole vyake vilivyokuwa vimekamata blauzi ya mama vikaachia kimoja kimoja.

Nje sauti nzito ilisema, "Huyo daktari ako wapi? Tumeambiwa ameonekana akiingia."

"Hapa hakuna mtu, bana." Nekesa alisikia sauti hiyo tumboni kabla ya masikioni. Ilikuwa ya Derrick. "Ni nzi tu. Mathe yangu huwapikia uji."

Wengine waliangua kicheko. Ati uji! Nzi kunywa uji! Kwa muda kidogo walikuwa vijana tu, wale wale aliowajua wakipakia mahindi kwenye malori sokoni, na Nekesa alidhani huenda watacheka hivyo mpaka waondoke.

"Twendeni basi," Derrick alisema. "Tunapoteza wakati."

"Na huu uji umejipika?" ile sauti nzito iliuliza. "Si unaona bado unachemka?"

Kicheko kilikatika. Hatua zilikuja mpaka mlangoni, kitasa kikazungushwa, komeo likakataa. "Wako ndani. Lete petroli. Tukimwaga hapa chini watatoka wenyewe."

Nekesa aliitazama chupa ya etha. Lenah alimwambia siku ya kwanza kabisa ya kazi kwamba dawa ile haitaki hata njiti ya kiberiti karibu. Wasingetoka. Wangelipuka humo ndani na mtoto amelala.

Alimwekea Lenah pamba kiganjani, mbali na uso wa mtoto. "Usimwekee tena isipokuwa ameamka," alimnong'oneza. "Ameshalegea. Mpe hewa." Kisha akainua komeo, akatoka, na kuusimamia mlango kwa mgongo wake.

Walikuwa wengi kuliko alivyodhani. Aliyewaongoza alikuwa mtu mzima mwenye koti la mvua la manjano, na jua lote lile nje. Nyuma yake Derrick alisimama na panga mkononi, amejifunga kitambaa puani kana kwamba mama aliyemzaa angeshindwa kumjua kwa macho. Nzi waliotoka kwenye chupa zilizovunjwa walikuwa wakizunguka juu ya vichwa vyao.

"Huyu ni nani?" mwenye koti aliuliza.

"Ni mathe," Derrick alijibu kwa sauti ndogo.

"Mama, shikamoo. Fungua huo mlango, tumalize kazi twende."

"Humu ni nzi," Nekesa alisema. "Na dawa. Ukiwasha moto hapa utakufa wewe kwanza."

"Fungua."

"Sifungui."

Mwenye koti alimgeukia Derrick kwa upole kabisa. "Sisi hatuwezi kugusa mama ya mtu. Hiyo ni mbaya. Huyu ni wako, kwa hivyo wewe ndiye utamtoa hapo. Ama pia wewe unaficha hao watu?"

"Mama, toka hapo," Derrick alisema. "Tafadhali. Si nilikwambia usikuje?"

Nekesa hakutoka. Derrick alimpiga begani kwa ubapa wa panga, pigo la woga, na wenzake wakamzomea. La pili lilimpata sikioni. La tatu lilimpasua mdomo, jino likamlegea, damu ikajaa ulimini. Hakupiga kelele, maana alijua nyuma ya ubao ule kuna mama anayesikiliza na mtoto asiyetakiwa kuamka. Ila kati ya pigo na pigo aliona jinsi kijana alivyozungusha kifundo cha mkono kabla ya kushusha. Hivyo hivyo ndivyo Kiptanui alivyofanya, hata kwa mwiko wa ugali. Derrick alikuwa na miaka miwili baba yake alipokufa. Hakuna aliyemfundisha.

Uchungu uliompata Nekesa hapo ulikuwa mkali kuliko jino. Alimwonea huruma mwanawe, na papo hapo akamchukia, na akajichukia mwenyewe kwa kusimama akikoroga sufuria wakati wa kusema ulikuwepo. Nyuma yake hakusikia kitu chochote. Hata mguno. Kimya kile kilianza kumtisha kuliko panga, kwa sababu mtu aliyelazwa kidogo hivyo angekuwa ameshajigeuza.

Pigo la nne lilimwangusha magotini. Mwenye koti alisonga mbele na dumu la petroli. Hapakuwa na muda tena.

Nekesa aliinuka akishika ukuta. Alishika blauzi yake kifuani kwa mikono miwili, akaivuta, vifungo vikaruka na kugonga sakafu. Alitoa titi la kushoto, lililosinyaa, akalielekeza kwa mwanawe.

"Derrick," alisema, damu ikimtoka na maneno. "Kama si hili ulilonyonya—"

Kwao Kabuchai, na hata mlimani kwa kina Kiptanui, hakuna kijana asiyejua sentensi hiyo inaishia wapi. Haina dawa hospitalini. Anayelaaniwa nayo hapati mtoto, au akipata hakai, na chochote anachoshika kinamfia mkononi, na anayeshuhudia hajui kama laana hiyo haitamrukia naye. Mama huitamka mara moja maishani, na wengi hufa hawajaitamka.

"Mama, apana! Apana!" Derrick alipiga yowe, akatupa panga na kufunika macho kwa mikono. Wenzake walikuwa wameshageuka. Walikanyagana mlangoni, wakatokea dirishani juu ya vioo, na mwenye koti la manjano alijifunika kichwa kwa koti lake huku akikimbia, dumu la petroli likibaki limesimama katikati ya chumba. Derrick alikuwa wa mwisho. Alitoka kinyumenyume, akijikwaa, bado amefunika macho, na Nekesa hakumaliza kusema. Lakini kwa jambo lile nusu na zima ni mamoja.

Alisukuma mlango. Lenah alikuwa amekaa sakafuni, amemkumbatia Nyawira, na ile pamba ameishikilia puani mwa mtoto.

"Nilisikia wakikupiga," alisema kwa sauti ya mtu aliye ndotoni. "Niliogopa atalia. Niliogopa."

Nekesa aliitupa pamba, akampokonya mtoto, akatoka naye mbio hadi uani. Midomo ya Nyawira ilikuwa na rangi ya majivu. Mikono ilikuwa imening'inia pande mbili, imetanuka, na Nekesa akakumbuka mbawa. Alimlaza kwenye nyasi. Akampulizia mdomoni kwa mdomo wake wenye damu, akampiga nyayo, akampulizia tena, akamwita. "Nyawira. We Nyawira. Amka ulie, mama. Lia sasa. Lia uwezavyo."

Kwa muda hakukuwa na kitu. Jogoo wa jirani aliwika ng'ambo ya ua, kama siku nyingine yoyote. Kisha tumbo dogo lilijikunja, mtoto akatapika maziwa machache yaliyokuwemo, akavuta hewa kwa mlio mkavu, akalia. Lenah alianguka kifudifudi kando yao, akalia naye.

Lori la polisi lilifika alasiri, kelele zikiwa zimehamia upande mwingine wa mji. Lenah alipanda na mtoto mikononi. Hakuchukua chupa hata moja ya alama nyekundu, na hakugeuka kuzitazama. Akiwa juu ya lori alimshika Nekesa mkono.

"Yule alikuwa Derrick."

"Ndiyo, Daktari."

"Sasa atakuwaje?"

Nekesa alifunga blauzi kwa pini. "Sijui," alisema, na lori likaondoka.

Mvua za kupanda zilimkuta Nekesa kwao Kabuchai, kwenye boma la kaka yake Bramwel. Kituo kilikuwa kimefungwa. Lenah alipiga simu mara moja kutoka Nairobi kusema Nyawira anakaa mwenyewe na anacheka, kisha laini ikakatika.

Kuhusu Derrick, Bramwel alikuwa amesema na wazee. Yapo ya kufanywa kuondoa laana, walimwambia, kuna kondoo wa kuchinjwa na kuna watu wa kwa baba yake ambao lazima wawepo. Lakini watu wa kwa baba yake walikuwa mlimani, na mlimani mwezi ule wanajeshi waliosaka wapiganaji walikuwa wakikamata kila mwanamume mwenye miguu. Ingebidi kungoja. Mpaka hapo, kijana asile kutoka mkono wa mama yake wala asikanyage uani kwake.

Alitokea adhuhuri moja kwenye njia ya miwa. Nekesa alikuwa akipalilia mahindi, akainua mgongo, akamwona amesimama ng'ambo ya mfereji unaotenganisha boma na shamba. Alikuwa amekonda mpaka mabega yalionekana ya mtu mwingine. Hakuvuka.

"Mama."

"Umetoka wapi?"

"Huko Kanduyi. Nalala kwa stendi." Alitazama chini. "Kila kitu nashika kinaharibika. Hata kazi ya kubeba mawe, siku ya kwanza ukuta ulianguka."

"Ukuta huanguka," Nekesa alisema.

"Si hivyo, mama."

Jembe lilikuwa zito mkononi mwa Nekesa. "Sikumaliza kusema," alimwambia hatimaye. "Ulisikia? Sikumaliza."

"Nilisikia hukumaliza." Derrick alipangusa pua kwa kiganja, kama alivyofanya akiwa mdogo. "Lakini niliona."

Nekesa aliweka jembe chini, akaingia jikoni. Alibandika uji, wa watu safari hii, unga wa wimbi na mahindi, akaukoroga polepole huku akitazama mlangoni asije akaondoka. Aliujaza kwenye bakuli la bati. Alitembea nao mpaka ukingo wa mfereji, akaliweka juu ya jiwe, upande wake mwenyewe, pale ambapo mkono mrefu ungefika. Kisha akarudi nyuma na kukaa kwenye nyasi.

Derrick alichuchumaa ng'ambo, macho kwenye bakuli. Mvuke ulipanda, ukapungua, ukaisha. Hakunyoosha mkono na hakuondoka, na mama yake hakumwambia kula wala usile. Nzi wadogo walitoka kwenye maganda ya ndizi chini ya mgomba, wakatua ukingoni mwa bakuli mmoja baada ya mwingine, wakaanza kunywa. Nekesa hakuwafukuza.